Kaka Aliambiwa, Mimi Mume Sikuambiwa

Haladhar, rafiki yangu, nimetoka hospitali sasa hivi.

Nilimpelekea daktari tambuu, kama desturi yetu ya kualika, aje kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mke wangu Nirupama afariki. Nikamuuliza tu: kidonda cha mdomoni mlikikata kikapona, sasa saratani ilifikaje mapafuni?

"Seli hubadilika, mzee. Mdomoni zilishikana kama matofali. Zikajigeuza aina nyingine, zikaachana, zikapita kwenye damu mpaka mapafuni. Si nilimweleza kaka yako kabla ya upasuaji kwamba huenda zikasambaa?"

Kaka yangu! Kabla ya upasuaji!

Nikamuuliza, "Mume ni mimi au yeye?"

"Huwa tunamwambia mkubwa wa nyumba."

Wakubwa wanaambiana, sisi tunaachwa tunashangilia kidonda kukauka.

Nikampigia kaka. "Ungevunjika moyo, mdogo wangu." Mdogo wangu! Na mvi zote hizi!

Haladhar, Nirupama aliniomba nimwite binti yetu kutoka mjini Guwahati. Nikamwambia, "Acha papara, umeshapona, atakuja sikukuu ya Bihu." Nirupama hakuifikia hiyo Bihu.

Kesho binti anakuja kwenye kumbukumbu. Ataniuliza tena kwa nini sikumwita, na kaka atakuwa amekaa pale mbele, anawagawia wageni tambuu.