Mgeni Asiyesema Tao

Kijiji cha Malinaw,
Lucban.
14 Juni 1988

Mpendwa Ate Luming,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Hong Kong? Mgongo unaendeleaje, na yule mama unayemfanyia kazi, bado anakununia? Sisi tu wazima, ila Nanay hana hamu ya chakula. Barua yako ya mwisho ilifika Machi.

Dada yangu, nina jambo zito. Huko umezoea kubonyeza kengele, lakini hujasahau kwamba kwetu anayefika mlangoni husema "Tao po", kwamba yeye ni binadamu, ndipo aitikiwe "Tuloy", karibu ndani. Nanay alitufunza tungali wadogo kwamba kuingia ni kitu kimoja na kukaribishwa ni kingine. Aliyejiingilia tu, hata akipenya dirishani, unamtimua kwa ufagio. Uliyemkaribisha ana haki ya kukaa mpaka achoke mwenyewe.

Wiki ya tatu sasa, kila saa tisa alasiri, wewe unabisha mlango.

Ni sauti yako, Ate, na kikohozi chako.

"Wee Pua-Bapa, fungua! Mikono imejaa mizigo."

"Sema tao kwanza," namjibu.

"Jamani, Otil, dada yako unanifanyia hivi?"

"Neno dogo tu, Ate."

Nachungulia kwenye nafasi za mianzi ya sakafu, ngazi ni tupu. Kisha anaanza kumbembeleza Nanay, eti ana njaa, eti nje kuna baridi, na jua la Juni linawaka.

Naogopa, sikufichi. Jana Nanay alinisukuma huku analia. "Ni mwanangu huyo, aseme asiseme!" Nikamziba mdomo kwa kiganja, mama yangu mzazi, kabla hajatamka tuloy. Akaning'ata. Sitaweza kumzuia kila siku.

Tiya Bining anakusalimu, na Kuya Selo na wanawe pia. Mungu akufunike kwa mkono wake popote ulipo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu nitashinda kwenye simu ya duka la Aling Sepa tangu asubuhi. Nipigie. Habari za kazi ziache. Nikiinua tu simu, sema tao.

Ukishindwa nitaelewa, Ate, kwamba wa mlangoni ni wewe kweli, wala sitakulaumu. Nitarudi nyumbani nimwache Nanay akukaribishe.

Mdogo wako akupendaye sana,
Otilia