Damu ya Mutua Ilitoka Kwangu

Mama Ndinda, habari ya Emali?
Hapa hospitali ya Mutomo jua linachoma hata mbuzi wamejificha chini ya lori. Mjukuu wetu Mutua amekula uji, macho si manjano tena. Mama mkwe wa binti yetu Ndinda alikuwa anasema ati Ndinda ndiye alileta damu mbaya kwao. Daktari akasema ni jeni, kitu mtoto anarithi kwa wazazi. Inafanya kazi mwili mzima, inalinda damu isivunjike. Ya Mutua ni dhaifu, ndio dawa ya malaria ikamwangusha. Akasema Mutua aliipata kwa mamake, na huenda Ndinda aliitoa kwangu. Nikabisha, mwanaume kama mimi sijawahi kulazwa. Akanipima, kumbe hata yangu ni dhaifu. Ndinda aliitoa kwangu kweli. Nikamwambia yule mama mkwe, "Kama unatafuta mwenye makosa, niko hapa." Akajisogeza kwenye benchi kumpa Ndinda nafasi, Ndinda akakaa kando yake.
Ulale bila wasiwasi, mpenzi.
Mzee wako