Ndama Aliyelelewa kwa Chupa

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Habari za chuoni, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha? Huku sote tu wazima. Mama anauliza kama unakula au unaishi kwa chai tu. Bibi anasema ukija na ndevu hatakufungulia mlango.

Mvua imetutendea wema. Kipande cha malisho cha bondeni, kile tulichokipumzisha ulipoondoka, nyasi zake zinanifika magotini, na udongo ukiushika unamomonyoka kama mkate laini. Asubuhi kabla ya shule mimi na Baba huhamisha uzio wa umeme. Ng'ombe wakisikia waya unakunjwa hujipanga wenyewe, ndama wangu Chupa akiwa mbele. Yeye hunifuata mimi, na kundi zima humfuata yeye. Mchungaji wetu wa ng'ombe hunitania kwamba mama Chupa anapita na mwanawe mwenye vipembe.

Unakumbuka ng'ombe aliyemzaa alipokufa? Ulinikabidhi chupa ya maziwa ukaniambia nimlee vizuri, kwa kuwa uzao wa ng'ombe kama mama yake, anayenenepa kwa nyasi tupu, ndio tunaoutaka, na huyu ndiye atakayekuwa dume la kundi letu. Niliamini. Niliwaambia hata wenzangu darasani, wakanitania kwamba nimepata mchumba mwenye mkia. Sikujali.

Jumanne nilirudi nyumbani nikamkuta amesimama peke yake kando ya birika, miguu ya nyuma ameitanua, hataki kula. Baba alisema daktari wa mifugo alikuja akamhasi. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilimwambia Baba amevunja ahadi yako, na kwamba ukisikia utakasirika sana. Aliongeza sauti ya redio. Tangu hapo sikumwamkia.

Jana daktari alirudi kumtazama Chupa. Akidhani ninajua, alinieleza kwa upole kwamba dume aliyelelewa kwa chupa hamwogopi mtu. Akikomaa humwona binadamu kama dume mwenzake, akamkabili kwa pembe, na wengine wameua. Ndiyo maana, alisema, wewe mwenyewe ulimwomba aje amhasi akishakua kidogo. Ulimwomba siku ileile ndama alipofiwa na mama yake.

Siku ileile, Kaka. Ulimwambia yeye ukweli, kisha ukaja zizini ukaniambia mimi mengine. Nikamnunia Baba kwa jambo lako, naye akakutunzia siri.

Labda ulidhani bila ahadi nisingeamka alfajiri kumnywesha. Ningeamka.

Sasa Chupa ni maksai, na maksai wetu hunenepeshwa wakauzwa kwa nyama. Nakuomba umwambie Baba ambakize awe kiongozi wa kundi wakati wa kuhama malisho, maana wewe anakusikiliza. Kama haiwezekani, niandikie hivyo tu, kwamba haiwezekani. Usiniandikie kingine cha kunifurahisha.

Baba nimemwomba radhi. Alinishika kichwa tu, akaniambia nichukue waya twende. Mama, Bibi na mchungaji wanakusalimu. Za Chupa sikuletei, bado anaumwa.

Mimi mdogo wako ninayekupenda na kusubiri jibu,

Mama Chupa