Mustari Mweusi wa Blanketi Lako

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka hapa hapa Nchelenge, kwenye nyumba uliyoiacha, nimekaa mahali pako pa mulangoni. Usinicheke. Najua wafu hawasomi barua. Ila kwa yale Mado amefanya mwaka huu, siko na hakika tena wafu wanaweza nini na hawawezi nini.

Mado ni mutoto wangu. Alizaliwa baada ya kukuzika. Hukumuona, naye hakukuona hata siku moja. Hilo ndilo linanitetemesha mpaka sasa.

Blanketi lako ulilianza tulipokimbia kutoka Pweto tukavuka kuja huku Zambia, baada ya ziwa kumumeza Papa, baba yangu. Kwenye kilio watu walibishana mbele yako: huyu anasema asubuhi ile kulikuwa upepo, yule anasema ziwa lilikuwa limelala. Ulikasirika vibaya. "Kuanzia leo mutu asinibishie tena siku ilikuwa namna gani," ulisema. Ukanunua masweta ya salaula, mitumba, pale sokoni Kashikishi, yale ya matundu ambayo hakuna aliyeyataka, ukayafumua, na nyuzi zake zikawa siku zetu. Njano ni jua kali. Bluu ni ziwa limetulia. Kijani ni mvua. Nyeusi ni upepo, ule wa kuzamisha mabwato. Mustari mumoja kila jioni.

Na iwe jioni tu! Mimi nilikuwa mutoto wa haraka, nilitaka kufuma mapema nikacheze, nawe ukanigonga vidole na sindano ya krosheti. "Weye! Siku haiyaisha, unafuma nini?" Kunifundisha kulikutoa jasho, maana wewe ulikuwa wa mukono wa kushoto na mimi wa kulia. Ulinikalisha mbele yako, uso kwa uso, nikufuate kama mutu anayejiangalia kwenye kioo. Vifundo vyako vililalia upande mumoja, vyangu upande mwingine. Hata kipofu angeligusa lile blanketi angejua wapi umefuma wewe na wapi nimefuma mimi.

Mustari wako wa mwisho ulikuwa bluu. Uliufuma umeegemea ukuta, pumzi zinakatika, na ulikataa katakata nikusaidie. Asubuhi hukuamka. Nililiweka blanketi kwenye valizi, sanduku lako la nguo, pamoja na nyuzi na sindano yako, na nilipokukosa sana nilifungua nikapitisha kidole juu ya ile bluu. Hakikubaki kitu kingine cha mukono wako, Mama. Vitenge nimevivaa vimeisha.

Mwaka huu baridi ilimusumbua Mado usiku, nikalitoa limufunike. Miezi ikapita, joto likaanza. Asubuhi moja nilitoka bombani na ndoo yangu, nikamukuta Mado amekaa kwenye mukeka na sindano yako, na baada ya bluu kuna mustari wote wa kijani. Mutoto asiyejua hata kufunga vifungo vya gauni lake! Nilicheka. Kisha nikagusa. Vifundo vililalia upande wako.

"Nani amekufundisha?"

"Nkambo," alisema, ndiyo bibi, ndiyo wewe. "Ananishika mukono."

Mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu. Saa nane mvua ikanyesha, ya kwanza ya mwaka.

Eh, Mama! Nilipiga magoti nikamuomba Mungu, kisha nikaificha sindano ndani ya gunia la unga. Kesho yake mustari ulikuwepo, njano, na mikono ya Mado imejaa unga. Jua likawaka kutwa. Ikawa hivyo, asubuhi rangi, na siku inaifuata kama imetumwa. Niliogopa, sitakudanganya. Lakini nilifurahi pia, furaha ya kijinga, kwamba uko humu ndani na sisi.

Papa Mado, mume wangu, anavusha sabuni na chumvi mpaka Kilwa, upande wa Congo, na kurudi na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Siku ile aliondoka mapema na bwato la mashini, maji yametulia kabisa. Nilimusindikiza, nikarudi ndani. Mado alikuwa anamaliza mustari. Ulikuwa mweusi.

Nilikimbia hadi ziwani bila viatu. "Mwebantu, enyi watu, mumurudishe!" Wamama waliokuwa wanaanika chisense, dagaa wetu, walinicheka. "Bamayo, mama wee, angalia basi hilo ziwa." Bwato lilikuwa limeshakuwa nukta. Nilipiga simu, haikupatikana. Niliporudi Mado hakuinua macho.

"Nkambo anasema usifumue," alisema.

Ndipo upepo ukaja. Nilisikia bati zikianza kugonga, na kule nje wamama wakipiga kelele wakikimbiza samaki zao. Nikashika ncha ya uzi, nikavuta. Nyeusi ikatoka yote, upepo ukazidi. Nikavuta njano, nikavuta kijani, kazi yote ya Mado ikalala miguuni pangu, na nyumba bado inatikisika. Ikabaki bluu yako, pale Mado alipoungia uzi wake wa kwanza. Hapo mikono ilinigoma.

"Weye! Siku haiyaisha!"

Mado ndiye aliyesema. Lakini sauti ilikuwa yako, Mama, ile ya kifua kilichochoka. Nililia kwa nguvu, nikavuta. Kifundo kimoja kimoja, jioni yako ya mwisho ikatoka. Uzi ulipoisha, bati zikanyamaza.

Papa Mado alirudi jua likizama, ameloa, mzigo wote umeenda na maji, yeye muzima. Alisema maji yalikuwa yamejaa nusu ya bwato, upepo ukakatika ghafla. Nilimupa ugali, nikaziokota nyuzi chini.

Tangu hapo Mado anashika sindano kama kijiko. Nikimuuliza Nkambo yuko wapi, ananiuliza: "Nkambo nani?"

Mpaka leo sijui ulikuwa unanionya, au ulikuwa unamuita mukwe wako aende akae na Papa kule chini. Nakuogopa na nakukosa, vyote kwa moyo mumoja. Kila asubuhi naamka nakwenda kuangalia blanketi, nalikuta vilevile nilivyoliacha, na machozi yananitoka bila kujua ni ya raha au ya kilio.

Pumzika sasa, Mama. Ukitaka kuja, njoo kwangu, usije kwa mukono wa mutoto. Kitu cha mwisho ulichoniachia nimekifumua mwenyewe, na roho inaniuma kila siku. Lakini ukirudi na nyeusi, nitakufumua mpaka kifundo cha kwanza.

Mutoto wako anayekupenda,
Mama Mado