Jino la kwanza la Koku

Jumamosi, Novemba. Isingiro.

Mvua ilianza alfajiri ikakatika mchana, na migomba bado inadondosha maji. Sina furaha wala huzuni. Nimekaa tu. Ndivyo nilivyo tangu niliporudi kutoka hospitali mwezi wa nane.

Niliandika hapa wakati ule kwamba tumempoteza mtoto kabla hajazaliwa. Sikuandika zaidi, na hata leo nisingeandika kama si jino la Koku.

Koku ni binti yangu, yuko darasa la kwanza. Wiki hii yote hakuwa akila vizuri. Ndizi alikuwa akizisukuma pembeni ya sahani. Nilimwona, nikaacha. Siku hizi naona mambo mengi, nayaacha.

Jana mama mkwe alikaanga senene, wale panzi wa kuliwa. Msimu ndio huu, na Koku huwa anawadokoa kikaangoni kabla hawajakauka. Jana alifunika mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Mama Koku, huyu mtoto ana kitu," mama mkwe akasema. "Mwangalie."

Leo asubuhi nikamketisha mlangoni penye mwanga. Nilipomgusa kidevu aligeuza uso. Nilimbembeleza, mwishowe akafungua mdomo kidogo. Jino la mbele, la chini, linacheza.

Nikamwambia kila mtoto hung'oka meno, hata baba yake aling'oka, na yanaota mengine makubwa. Mama mkwe akaongeza kwamba tutalitupa juu ya bati, panya alichukue amletee jipya. Koku hakucheka.

"Litatoka damu?" akaniuliza.

"Kidogo tu."

"Na siku ile ulisema kidogo tu."

Ni kweli nilisema. Baba yake alikuwa ametoka kutafuta gari, mimi nimejiinamia ukutani, na Koku amesimama anaitazama kanga yangu. Nikamwambia ni damu kidogo tu, mama anarudi sasa hivi. Nilikaa hospitali siku nyingi. Niliporudi tumbo halikuwepo na mikono ilikuwa mitupu, na hakuna aliyemweleza kitu. Sisi wakubwa tulidhani mtoto hajui.

Nilingoja machozi yaje. Hayakuja.

"Ile ilikuwa nyingi," nikamwambia. "Sikujua kama itakuwa nyingi. Hii ya jino naijua, mimi mwenyewe niling'oka yote."

"Ikitoka mtanipeleka hospitali mniache?"

"Hatuendi popote. Tutakaa hapa hapa mlangoni."

Akafikiri. "Basi usivute. Nitavuta mwenyewe."

Nikamshika kisogo, mkono mwingine nimebeba kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alilisukuma kwa ulimi, akalisukuma kwa kidole, akapumzika, akaanza tena. Halafu likatoka, dogo kama punje ya mchele, akabaki analishangaa kiganjani. Akasukutua, akatema. Maji yalikuwa mekundu. Akasukutua tena, yakawa mepesi. Aliendelea kutema na kuyachunguza mpaka yakatoka meupe.

"Imekatika," akasema.

"Imekatika."

"Na yako?"

"Na yangu ilikatika."

Mama mkwe akanyoosha mkono apewe jino akalitupe. Koku akafumba ngumi.

"Nataka kumpelekea mtoto," akasema. "Yeye hana hata moja."

Mama mkwe akatazama chini. Yeye na majirani ndio waliomzika, kwenye kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, mimi nikiwa bado kitandani hospitali. Sijawahi kuuliza ni wapi. Hakuna aliyenionyesha.

Koku anapajua. Alinishika mkono tukapita katikati ya migomba, maji yanatudondokea, akasimama penye nyasi zilizotandazwa chini ya mbuni wa kahawa.

"Ni hapa. Bibi alinikataza nisije, lakini nilichungulia."

Akachimba kwa kijiti, akaliweka jino, akalifukia. Nikachuchumaa karibu naye. Nilitegemea moyo wangu upasuke. Haukupasuka. Niliweka kiganja juu ya udongo, ulikuwa wa baridi, nikakiacha hapo mpaka Koku aliposema miguu yake imechoka.

Sikulia. Ila nimefika.

Sasa hivi anamwonyesha bibi yake pengo. Ameniuliza kama wenzake shuleni watamcheka. Nimemwambia watacheka, na yeye awacheke, maana nusu yao ni mapengo matupu. Akacheka kwa sauti, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa namsikiliza.

Baba yake anafanya kazi Kayanga, kesho anakuja. Hata yeye hajawahi kunitajia mahali pale, na sijui kama ni kwa kunihurumia au ni kwa sababu hawezi. Akishakula nitamwambia nimefika. Kisha nitamwomba twende wote, Koku atangulie.