Moshi wa Jikoni kwa Mama Yako

S.L.P. 214,
Kuresoi.
9 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipyegon,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, Lynn na mtoto mko salama, na hiyo kazi yako ya zamu haijakumaliza. Sisi tu wazima wa mwili. Moyo ndio bado, na najua wako umeumia zaidi, maana sisi tulimzika mama yako kwa mikono yetu na wewe ulitazama kwenye simu.

Viazi tumevuna, vidogo mwaka huu. Ng'ombe wa mama yako nimemhamishia kwangu. Kila nikimkamua ananipiga teke, mkaidi kama yeye shangazi yangu mwenyewe alivyokuwa.

Nimeusikia ujumbe wako kwamba nitafute mtu wa msumeno akate miti yote iliyozunguka nyumba, kwa sababu msitu ndio uliomuua mama. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Nitakueleza yalivyokuwa, kisha uamue mwenyewe, maana shamba ni lako sasa.

Unakumbuka tukiwa watoto, moto ukizimika tunatumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto. Mama yako hakuacha desturi hiyo hata uzeeni. Kiberiti alikuwa nacho juu ya kabati, tena kikavu. Aliuacha moto uzimike makusudi ili apate sababu ya kuvuka kijito kwenda kwa Chemutai, na kaa moja lilimchukua asubuhi nzima na chai juu yake. Na tulijuliana hali kwa moshi. Usipouona wa mwenzako, unaenda kumwita.

Mradi wa kurudisha msitu ulipokuja, sisi wenye mashamba kando ya kijito tulikubali kuhamia huku juu barabarani. Mama yako alikataa kuhama, lakini miti aliipanda mwenyewe kwa furaha. Mbega waliporudi, yeye ndiye wa kwanza kuwasikia.

Watu wa mradi walituomba sisi wanakijiji tuwe macho yao. Kila Jumamosi tunajibu maswali kwa simu: ni wanyama gani wameonekana, na watu wanaishije tangu msitu urudi, kama watoto wanaogopa njia, kama kuni zinapatikana. Mama yako simu ya kuandika hakuiweza, kwa hiyo nilikuwa nateremka kumwandikia majibu. Mara ya mwisho, maswali yakiwa yamekwisha, alinishika mkono.

"Andika miti imependeza," akasema. "Halafu andika sina mtu wa kuomba moto."

Nilimwambia hakuna swali kama hilo. Akacheka, akasema basi hao wenye maswali hawajawahi kuishi na watu.

Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali. Daktari alisema ni homa ya mapafu. Chemutai alimkuta siku ya pili baada ya kufariki, aliposhuka kumpelekea mboga, na jiko lilikuwa baridi. Zamani tungejua asubuhi ileile. Lakini kutoka barabarani hatuoni nyumba wala moshi, tunaona miti tu. Hilo linaniuma, Kipyegon, na sitakudanganya kwamba litapoa.

Baada ya mazishi niliwaambia watu wa mradi maneno ya mama yako, mkutanoni, mbele ya wote. Wiki iliyofuata swali jipya likaja kwenye simu zetu: leo asubuhi umeona moshi wa jirani yupi?

Kwa hiyo msitu haukumuua. Sisi tulihama, na hakuna aliyeuliza yeye ataomba moto wapi. Ukiikata miti, mbega wataondoka na sisi majirani hatutarudi. Ile aliipanda kwa mkono wake. Nakuomba uiache.

Leo asubuhi nilipita kwa Chemutai nikaomba kaa, tukashuka nalo kwenye kigae mpaka jikoni kwa mama yako, tukawasha, ili nyumba isizoee baridi. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulitutoa machozi, kisha tukalia kweli.

Mume wangu Kemboi anakusalimu. Chemutai anasema siku utakayokuja ufikie kwake kwanza, hutaingia kwenye nyumba ile peke yako. Mbusu mtoto, na umwambie Lynn nampenda ingawa hatujaonana.

Kabla sijafunga barua, nikwambie hili. Nilimwacha Chemutai akiuchochea moto, nikapanda barabarani, nikageuka kutazama. Nilisimama muda mrefu, nikaona miti tu. Moto ulikuwa unawaka vizuri, najua, nilikuwa hapo. Kisha nikatoa simu nikalijibu swali la leo: hakuna.

Mungu aliyemtunza mama yako akutunze na wewe huko uliko.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,
Jerotich