Wimbo wa Masunga kwenye Zeze la Baba

Zagayu

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku tunaendelea, ila bibi yako goti linamsumbua, na pamba mwaka huu imechelewa kupasuka.

Unauliza kama ni dharau kupiga nyimbo za leo kwenye hapsikodi, hicho kinanda cha kale unachosomea Ulaya, maana mwalimu wako hataki. Vinanda mimi sivijui. Zeze nalijua.

Baba alipofariki tulitundika zeze lake ukutani, na kwetu zeze la marehemu lilipigwa nyimbo zake tu. Siku moja mdogo wangu Masunga alilishusha, akaanza wimbo alioutunga mwenyewe. Nikampokonya.

"Kaka, niache nimalizie," alisema.

Nikamwambia asiliguse tena. Hakuligusa. Kabla ya mavuno homa ikamchukua.

Nyimbo za baba ukoo mzima tunaziimba mpaka leo. Wa Masunga ninao nusu tu, ile aliyoipiga kabla sijamnyang'anya. Mpaka uzeeni huu, kila nikishika zeze nafika palepale, vidole vinakwama.

Wewe piga, Kabula. Wakikukatiza, malizia.

Ni mimi babu yako.